Sura ya Mwanangu Kwenye Pepeo la Mazishi

Uvumi ule ulinikuta kichwa changu kikiwa ndani ya draya ya kukaushia nywele, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia.

Ilikuwa Alhamisi, saluni kwa Lavada. Draya yake inanguruma kama trekta, na wanawake wa mji wetu wameshajiaminisha kwamba aliye ndani hasikii kitu. Mimi nilisikia kila neno. Mmoja aliyekuwa akisukwa alimwambia mwenzake kwamba kijana wa Verlene siku hizi hachezi, anajitunza tu. Eti kuna chuo kikubwa cha Texas kimeshamwahidi pesa nene, kwa hiyo hapa anavuta siku, asije akateguka mguu kabla hajahama.

Kijana wa Verlene anaitwa Kedrick. Verlene ni mimi.

Nikatoka na nywele mbichi. Lavada alinifuata hadi mlangoni ameshika rola ya nywele, nikamwambia nimeacha maharage motoni. Jikoni kwangu siku hiyo hakukuwa na hata punje moja ya harage.

Uvumi nikaenda nao nyumbani, nikalala nao, nikaamka nao. Kesho yake, nikiwagawia watoto chakula pale shuleni, nilimwekea mtoto mmoja sahani yenye mchuzi mtupu. Akanitazama, akaniuliza, "Bibi Verlene, unaumwa?"

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikueleze haraka nilikotoka. Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, mji mdogo wa Alabama. Shule niliiacha darasa la saba, mama yangu alipopooza nikabaki kulea wadogo zangu watano. Mume wangu Lonzo alifariki Kedrick akiwa na miaka tisa. Kedrick sasa ana kimo cha mlango, yuko mwaka wa tatu Chuo cha Harlan Fork, na anacheza mpira wa kikapu.

Zamani vijana wa vyuo walicheza bure. Ukumbi ukijaa, kocha ananunua nyumba ya ziwani, na mchezaji akionekana ananunuliwa chakula na shabiki, anafungiwa kucheza. Siku hizi wameruhusiwa kuuza jina na sura zao. Wiki mbili zilizopita nilieleza jinsi Bwana Strickland mwenye duka la magodoro alivyonunua sura ya mwanangu, akamlaza kwenye godoro mbele ya kamera, jezi mwilini na viatu miguuni. Wiki iliyopita nikaeleza habari za friji la milango miwili, paa jipya, na binamu saba waliojitokeza ambao Lonzo, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitajia.

Kuna msomaji aliandika kuuliza kama nalalamikia pesa. Dada yangu, silalamiki. Paa la zamani lilikuwa linanidondokea kitandani, upande wa mto. Vijana wanastahili kulipwa, wao ndio wanaotoka jasho.

Lakini kuna kitu nakitaka kuliko paa. Ukutani sebuleni, karibu na picha ya Lonzo, nimepigilia msumari. Hauna kitu. Unasubiri picha ya Kedrick akiwa amevaa joho la mahafali. Katika ukoo wetu wa Purifoy hakuna aliyewahi kuvaa joho, na amebakiza mwaka mmoja. Akihamia Texas, nusu ya masomo aliyofaulu hayahami naye. Nimeuliza ofisi ya chuo mara tatu, na mara ya tatu yule binti wa ofisini aliniita kwa jina kabla sijajitambulisha.

Basi nikampigia Kedrick. Nikamuuliza habari za Texas.

"Mama, watu wana midomo."

"Hilo si jibu."

"Nawahi mazoezi, Mama. Nakupenda."

Ilikuwa saa saba mchana. Mazoezi yao ni saa kumi, ratiba yao nimeibandika kwenye friji lile lile la milango miwili.

Jioni hiyo nikatazama mchezo wake kwenye televisheni, na safari hii sikutazama pointi, nilimtazama yeye. Kedrick alipokuwa mdogo, akicheza kwenye ukumbi wa kanisa, mpira ukitoka alikuwa anaurukia kama mtu anayemwokoa mtoto mtoni. Siku moja aliserereka mpaka chini ya meza ya keki, akatoka na mpira mkononi na sukari kichwani. Sasa mpira ukitoka anausindikiza kwa macho, kama gari la mtu mwingine.

Nikazima televisheni. Moyoni nikasema, huyu mtoto amesahau watu wake. Akituona atakumbuka.

Hapo ndipo akili yangu ya darasa la saba iliponipa wazo.

Makanisa yetu yote yana mapepeo ya karatasi ngumu yenye kijiti cha kushikia. Mbele utaona Yesu na kondoo, au mchungaji na mkewe. Nyuma ni tangazo la nyumba ya mazishi iliyoyatoa. Imekuwa hivyo tangu enzi za bibi yangu na hakuna anayeona ajabu. Unajipepea wakati wa mahubiri, huku unatazama namba ya simu ya mtu atakayekuzika.

Kwetu anayeyatoa ni Shemasi Tisdale. Ndiye aliyemzika Lonzo, na alimzika vizuri. Nikamwendea ofisini, kule kwenye mazulia manene yasiyotoa sauti, nikamwomba mapepeo mia moja yenye sura ya Kedrick kwa ajili ya mchezo wa mwisho wa msimu.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada Verlene, lakini huyu kijana yu hai."

Nikamwambia najua yu hai, nimeongea naye juzi. Akauliza kama aliondoe tangazo lake la nyuma. Nikafikiri sekunde mbili. Nikaona si uungwana, mtu anakutolea mapepeo bure halafu unamfuta jina. Nikamwambia aliache.

Sekunde mbili hizo ndizo zinanitesa leo.

Jumamosi ya mchezo tukajaza basi la kanisa, tukaenda Dunmore, mwendo wa saa mbili. Tulikuwa akina mama ishirini na sita, Shemasi Tisdale, na kuku wa kukaanga wa kutosha kanisa mara mbili. Dunmore ndio mahasimu wetu. Wanafunzi wao walikuja na mito. Nasema mito ya kulalia, yenye foronya. Kedrick alipotoka kupasha misuli, wakaiinua juu wote na kuimba, taratibu kama wanabembeleza mtoto, "Lala, Kedrick, lala."

Hayo yote kwa sababu ya lile tangazo la magodoro.

Nilimwona mwanangu akijifanya hasikii. Shingo yake ilimsaliti, maana Kedrick akiumia shingo inaingia mabegani, hata akiwa na miaka miwili ilikuwa hivyo.

Mchezo ukaanza, na mimi nikaona jambo ambalo televisheni haikunionyesha. Wenzake hawakumpa mpira. Kuna kijana anaitwa Bledsoe, mfupi, mwepesi, ndiye anayegawa mipira. Kedrick alisimama peke yake, hana mtu karibu, mikono imefunguka. Bledsoe akamtazama, kisha akautupa mpira upande mwingine kwa kijana aliyezungukwa na watatu. Ikatokea mara ya pili, na ya tatu. Kedrick akashusha mikono. Baada ya hapo hakuifungua tena.

Nikawaambia akina mama, mapepeo juu.

Tukayainua. Nyuso mia moja za Kedrick zikaanza kupunga, maana kila mtu alipewa matatu au manne. Nilijisikia vizuri sana, kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha mkono ukanigusa bega. Alikuwa mama mmoja wa Dunmore, mtu mzima, amekaa safu ya nyuma yetu. Macho yake yamejaa machozi.

"Pole sana, mpenzi wangu. Alikuwa na umri gani?"

Sikumwelewa. Nikatazama upande wa nyuma wa pepeo nililoshika. Kwa maandishi makubwa ya dhahabu liliandikwa: Nyumba ya Mazishi ya Tisdale, Tutakupumzisha kwa Heshima.

"Yuko pale," nikamwambia. "Namba ishirini na mbili. Yule anayefunga kamba za kiatu."

Alinitazama kama watu wanavyomtazama mfiwa aliyechanganyikiwa. Akanipa pipi ya mnanaa.

Nikasimama kumweleza vizuri, lakini habari ilikuwa imeshaondoka. Safu hadi safu, naiona inavyokwenda, watu wanavua kofia. Ilipofika jukwaa la wanafunzi, mito ikashuka mmoja mmoja. Kijana mmoja aliyekuwa na mto wa waridi akaukumbatia kifuani, ameinamisha kichwa. Ukumbi wote ukatulia. Kocha wetu akadhani taa zimeharibika, akatazama juu.

Simu yangu ikatetemeka kwenye mkoba. Alikuwa Lavada, analia. Mtu alikuwa amepiga picha ya mapepeo akaituma mtandaoni, na mji wetu mzima ulishaambiwa Kedrick amefariki.

"Verlene," akasema, "na nywele zako hata hazikukauka."

Nikamwambia Kedrick mzima, yuko hapa, amekosa mtupo wa adhabu sasa hivi. Akapenga kamasi, akasema kama ni hivyo atakuja Jumapili baada ya ibada kunimalizia kichwa, na nisimletee habari za maharage.

Wakati wa mapumziko wachezaji wakapita chini ya jukwaa letu kwenda chumbani. Kedrick akainua macho. Aliona nyuso zake, nyingi, zote zinatabasamu, zote na kijiti chini ya kidevu. Akasogea, akalichukua moja mkononi mwa Dada Ozella. Akasoma mbele. Akasoma nyuma.

"Mama," akasema, "nimekufa lini?"

Ndipo akacheka. Mwanangu huyu sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa kumi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko chake kina kwikwi katikati kama cha baba yake. Bledsoe akaja kuona kuna nini, akalisoma pepeo, akaanguka magoti kwa kucheka. Timu nzima ikakusanyika. Wakapokezana pepeo lile kama ndugu waliookota barua ya mapenzi ya dada yao.

Kipindi cha pili kilipoanza, mpira wa kwanza ulimfikia Bledsoe. Akasimama nao, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia.

"Mpeni marehemu mpira!"

Akampa. Kedrick akafunga.

Kuanzia hapo, mpenzi msomaji, ilikuwa sherehe. Marehemu huyu hapa, marehemu yule kule. Kila akifunga, akina mama wa kanisa wanapepea kwa pamoja. Wanafunzi wa Dunmore walipong'amua mtu ni mzima walishika mito yao tena, ila sasa walikuwa wanacheka wenyewe, na yule wa mto wa waridi alimpigia mwanangu saluti.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, mpira ukaponyoka kuelekea nje. Nilimwona Kedrick akiutazama. Nilimwona akipiga hesabu yake. Kisha akaruka.

Aliserereka sakafuni kama siku ile ya keki. Akaukamata, akamrushia Bledsoe akiwa amelala chali, Bledsoe akafunga. Mimi sijui kilichofuata. Dada Ozella anasema nilimkumbatia mwamuzi.

Tukashinda kwa pointi tatu.

Nje, karibu na basi, tukawalisha vijana wote kuku, hata wa Dunmore wawili watatu waliofuata harufu. Bledsoe alikula mapaja manne. Akaniambia bila kinyongo, huku anatafuna, kwamba msimu mzima alikuwa anampikia mtu mwingine ale. Kedrick anapewa pesa ya godoro, na yeye anayempa mipira anapewa kunyolewa nywele bure kwa kinyozi mmoja, mara mbili kwa mwezi. Nikakitazama kichwa chake. Alikuwa amenyolewa vizuri sana, masikini.

Kisha nikamvuta Kedrick pembeni, nyuma ya basi, na sahani yake. Nikamwambia leo nataka jibu la kweli.

Akala kwanza. Nikamwacha ale.

"Texas walinipigia kweli," akasema. "Mara mbili. Nikakataa mara mbili."

"Sasa kwa nini ulikuwa unajitunza?"

"Sikuwa najitunza kwa ajili yao. Mama, zamani nikianguka, nimeanguka. Siku hizi kabla sijaruka naliwaza goti. Nikiliwaza goti nawaza paa lako. Nikimaliza kuwaza, mpira umeshatoka."

Nikamwongezea mkate wa mahindi.

Akaendelea kwamba alikataa Texas kwa sababu pesa ya Bwana Strickland ilitosha. Paa limeisha, anaweza kubaki amalize shahada yake hapa, avae joho nililomtakia. Nikahisi ule msumari wa ukutani umening'iniza mzigo mzito ukashika. Uvumi ulikuwa nusu kweli, na ile nusu mbaya haikuwepo. Nikaona nimeshinda michezo miwili kwa siku moja.

Nikageuka, na Bwana Strickland, ambaye hakosi mchezo, amesimama nyuma yangu.

Bwana Strickland ni mtu wa adabu. Huvua kofia akiongea na mwanamke, hata mvua ikinyesha. Alikuwa ameivua. Mkono mwingine ameshika pepeo.

Akanipongeza kwa ushindi. Akasifia kuku. Kisha akasema kwamba tangu mchana duka lake limepigiwa simu nyingi, watu wanauliza kama limefungwa kwa msiba, na mmoja ameomba kurudisha godoro kwa sababu mkewe hawezi tena kulilalia.

"Mama Purifoy, unakikumbuka kifungu cha tisa?"

Sikikumbuki. Sikukisoma. Siku ya kusaini waliniomba niweke sahihi kama shahidi, nami nilikuwa nakanda unga wa biskuti, nikaifuta mikono kwenye aproni nikasaini. Karatasi ile mpaka leo ina alama ya kidole changu ya unga.

Kifungu cha tisa kinasema sura ya Kedrick haitatangaza biashara nyingine yoyote bila idhini ya duka la magodoro.

Shemasi Tisdale alijitokeza akasema hili ni pepeo la kanisa, si tangazo. Bwana Strickland akaligeuza, akamsomea taratibu.

"Tutakupumzisha kwa heshima. Shemasi, kupumzisha watu ni kazi yangu mimi."

"Wangu hawaamki," Shemasi akajibu. "Hatugombanii wateja."

Hata Bwana Strickland alicheka. Lakini akicheka vile vile akasema wakili wake hatacheka, na kwamba Jumatatu saa sita mchana atatupa jibu kama mkataba unaendelea au unachanwa. Akavaa kofia, akaenda.

Na Jumatatu hiyo hiyo, wapenzi wasomaji, ndiyo siku dirisha la wachezaji kuhama vyuo linafunguliwa.

Nikamuuliza Kedrick, Strickland akijitoa, atafanya nini. Alikuwa anaokota makombo ya mkate kwenye sahani, moja moja.

"Sijui, Mama. Amua wewe."

Fikiria hapo. Nimesafiri saa mbili kwenda kumzuia mtoto asihame, na mimi ndiye niliyebomoa kitu pekee kilichokuwa kinamshikilia. Waliosema saluni walisema uongo. Mimi nimekwenda kuufanya uwe kweli, kwa mapepeo mia moja, ya bure.

Jana Jumapili, maana naandika haya Jumatatu asubuhi, Kedrick alikuja nyumbani na kwenda nasi kanisani. Watu walimgusa mikono, mashavu, wengine wakataka kuona kama ana kivuli. Mchungaji alitangaza rasmi kwamba Ndugu Kedrick hajafariki, na mzee mmoja mbele akasema amina kwa sauti ya kukata tamaa, kwa kuwa alishaandaa hotuba.

Baada ya ibada nikaingia jikoni kupasha chakula. Kedrick alikuwa chumbani anabadilisha nguo. Simu ya ukutani ikalia. Nilidhani ni Bwana Strickland amepata moyo wa huruma kabla ya Jumatatu, nikaipokea haraka na mwiko mkononi.

Hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mwanamume, laini kama siagi iliyosahaulika juani. Akajitambulisha, anatoka chuo kile cha Texas. Nikavuta pumzi nimwambie maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu Alhamisi ile ya draya, maneno makali, baadhi hayasemwi Jumapili.

Akaniwahi. Akasema hanipigii kuhusu Kedrick. Ameona video zilizosambaa mtandaoni, ameona akina mama na mapepeo, ameona wachezaji wanavyokula kando ya basi. Wana jiko jipya la kulisha wachezaji wao, na wanatafuta mkuu wa jiko. Si msaidizi, mkuu. Kuna nyumba, matembezi ya dakika tano. Na kama Kedrick naye angehamia, ningemwona mwanangu kila siku, ningempikia kifungua kinywa kila asubuhi.

Wenzangu, nimepika miaka ishirini na miwili chini ya wasimamizi wasiojua kuchemsha yai. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kuniambia anataka mikono yangu.

Nilipaswa kukata simu. Nilijua ninachopaswa kufanya. Niliutazama hata ule msumari wa sebuleni, unaonekana vizuri kutoka jikoni ukisimama karibu na simu.

Sikukata.

Nimesema tangu makala yangu ya kwanza kwamba nayaandika haya ili mwingine asipite nilipopita. Kwa hiyo wewe mama mwenye mtoto anayecheza, na pesa zimeanza kubisha hodi, nakuandikia hapa mambo ya kuepuka. Nayaandika kwa mpangilio nilivyoyakosea.

Usidanganye kuhusu maharage. Uongo mdogo hunyoosha njia ya mwingine.

Usisaini karatasi ukiwa na unga mikononi. Nawa, kaa chini, soma mpaka kifungu cha mwisho, na kama hujasoma sana kama mimi, tafuta mtu akusomee.

Usiamini kwamba pesa akipewa mmoja, watano watacheza kama zamani. Muulize anayempa mpira mwanao naye anapewa nini.

Usimkasirikie mtoto asiyeruka kabla hujajua anayemwogopea ni nani. Inawezekana ni wewe.

Usiweke sura ya mtu aliye hai kwenye pepeo la mazishi, hata kama ni bure. Hasa kama ni bure.

Usipokee simu kabla hujajua anayepiga.

Usimuulize mtu wa Texas jiko lake lina oveni ngapi. Mimi niliuliza. Zipo nane.

Na mtoto akitokea mlangoni, akakuuliza, "Mama, ulikuwa unaongea na nani?", usimwambie ulikuwa unaongea na Lavada, kabla hujatazama ni nani amesimama nyuma yake, ameshika rola.